Mlimau, Mkorosho na Maji Moto

Mhadhara uliosomwa Utete, Rufiji, mbele ya wakulima, walimu na wanafunzi

Nimeombwa nizungumzie miti ya chakula na mazao yanayopandwa pamoja nayo. Ningeweza kuchukua mwembe, maana mkutano wenyewe umekaa chini ya mwembe. Ningeweza kuchukua mnazi, nikawafurahisha waliopanda mashua kutoka delta. Nimechagua mkorosho, kwa sababu mkorosho ndio mti ambao mimi mwenyewe nilimharibia mtu.

Nilikuwa bwana shamba kijana, buti mpya mguuni, cheti hakijakauka wino. Kijiji sitakitaja. Mzee mmoja alikuwa na mikorosho kama thelathini hivi, na katikati ya mistari alikuwa ameacha milimau miwili na mchungwa. Majani ya chini yalinifika magotini. Nikamwambia, "Mzee, hili si shamba, hili ni pori." Akanijibu taratibu, "Mwanangu, milimau hii ina maji moto, chungu hawa wanaoshona majani. Maji moto wakiwemo, korosho yangu haina madoa." Nikacheka kwa adabu, kama anavyocheka kijana aliyesoma mbele ya mzee asiyesoma. Nikamshauri akate ile milimau, kisha apige jembe shamba zima mpaka udongo uonekane. Akafanya. Alifanya kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa na serikali, na yeye alikuwa mtu mstaarabu.

Msimu wa kwanza shamba lilipendeza, hata mimi nikalipeleka kwenye taarifa yangu. Msimu wa pili machipukizi yakaanza kukauka, yamejikunja na kuwa meusi kama yaliyobabuliwa na moto. Nilipomtembelea, mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinikaribisha kibarazani, akaniwekea bakuli la korosho zilizokaangwa na chumvi kidogo, akasema, "Kula, bwana shamba." Nikabandua punje ya kwanza, ina doa jeusi lililobonyea ndani. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu. Yeye ananitazama tu, anatafuna zake. Tangu siku ile najua doa hilo likoje mdomoni: chungu kidogo, kama ganda la chungwa lililokauka.

Basi ninayoyasema leo ni maneno ya mzee yule. Mimi nimeyaongezea vitabu tu.

Mti wenyewe hauhitaji kutambulishwa hapa, lakini wanafunzi wasikie. Mkorosho si mti wa kwetu kwa asili. Ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno katika karne ya 16, na jina kanju ambalo bado linasikika pwani limetoka katika neno lao, nalo wao walilichukua kwa wenyeji wa Brazili. Ukauzoea mchanga wetu kuliko hata baadhi ya miti yetu. Hauombi mbolea, na unavumilia kiangazi kinachochoma hata mihogo. Na kila kitu chake kinaliwa au kinauzwa. Korosho ikiwa bado kijani tunaiita dunge, na madunge yakipikwa kwa tui la nazi, anayekula haulizi nyama iko wapi. Bibo lina vitamini C kuliko chungwa, mara kadhaa. Matawi yake ni kuni. Ganda lina mafuta yanayochoma ngozi, na mafuta hayo hayo viwandani yanatumika kutengenezea breki za magari na rangi. Kina mama wanaokaanga korosho kwenye debe lililotobolewa wanayajua vizuri: moto unaruka juu kama umemwagiwa petroli, moshi unakata koo, halafu wanapaka majivu mikononi kabla ya kubangua. Juu ya uraka wa mabibo sitasema mengi, shehe yuko hapa. Nitasema tu kwamba mabibo mengi ya wilaya hii yanaozea chini ya mti, na ng'ombe wa jirani ndio wanaofaidi.

Sasa, kwa nini mkorosho uko mlimani na si bondeni? Wazee mnajua, vijana pengine hawajui. Mrufiji wa zamani alikuwa mtu wa bondeni. Mto ukifurika unaleta tope, ukipungua watu wanapanda mlau: mahindi, maboga, pamba, mboga, katika udongo ambao bado una unyevu wa mafuriko. Nyumba zilikuwa juu ya nguzo, miembe ilikuwa pembeni mwa nyumba, mpunga mbele yake. Yakaja mafuriko ya 1968, na baada yake serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Rufiji ilitangulia. Operesheni Vijiji ya nchi nzima ilikuja miaka mitano baadaye. Ukipita bondeni leo ukaona miembe minne imesimama peke yake katikati ya nyasi, hakuna nyumba, hakuna njia, jua kwamba hayo ni mahame, na mtu fulani katika mkutano huu babu yake alikaa pale. Huku juu mchanga haukukubali mlau. Ulikubali mihogo na mkorosho.

Kwa hiyo mkorosho kwetu ni mti wa kuhamia. Na ni mti wa akiba pia. Aprili 2024 maji yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, mpunga ulikwenda na mahindi yalikwenda. Aliyekuwa na mikorosho mlimani alibaki na kitu cha kusubiri. Mto nao si ule tena. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, na tabia ya mto chini ya bwawa lazima tujifunze upya. Katika hali kama hiyo sishangai kila mtu kukimbilia kupanda mikorosho. Kinachonisumbua ni namna tunavyoipanda.

Nchi hii ilishawahi kuupoteza mkorosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000. Miaka 13 baadaye, msimu wa 1986/87, tulivuna tani 16,000 na kitu. Sababu zinajulikana. Watu walihamishwa wakawa mbali na miti yao, bei ikawa haimlipi hata anayeokota, na mwaka 1979 ukaripotiwa ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika. Tulipoinuka tena, tuliinuka kwa salfa. Na tuliinuka kweli: msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Salfa ilifanya kazi yake, sina ugomvi nayo. Lakini pamoja na salfa tulimeza fundisho jingine bila kulitafuna, kwamba mkorosho ni mti wa dawa na bomba, na shamba lake linatakiwa kuwa tupu kama uwanja wa mpira. Mti mmoja, ardhi nyeupe, mti mwingine.

Nitoke nje ya mada kidogo. Hapa Rufiji tuna historia na mashamba ya zao moja. Wajerumani walipoanzisha mashamba ya pamba ya lazima, watu walilimishwa chini ya maakida na majumbe, na mashamba yao wenyewe yakabaki na nyasi. Kinjekitile Ngwale, aliyewapa wapiganaji wa Maji Maji maji ya dawa, alikuwa mtu wa Ngarambe, na aliponyongwa Agosti 1905 alinyongwa Mohoro. Vita ya Maji Maji ilianza kwa kung'oa pamba. Wanafunzi mkiulizwa, msiseme babu zetu waliichukia pamba, kwa sababu baadaye waliilima bondeni kwa hiari yao, katikati ya mahindi ya mlau. Walichokataa ni kulazimishwa, na shamba lisilo na chakula ndani yake. Na msichanganye maji ya Kinjekitile na maji moto ninaowazungumzia mimi. Yale yalikuwa dawa. Hawa wana meno.

Sasa niwaoneshe maji moto kwa karibu, maana wengi wetu tunawajua kwa shingo tu, tukipanda mwembe.

Nenda asubuhi, kabla jua halijakali, usimame karibu na mlimau wenye machipukizi. Utaona chungu wekundu-kahawia, wembamba, miguu mirefu, wamejipanga ukingoni mwa jani. Wameliuma jani moja kwa meno, miguu ya nyuma imeng'ang'ania jani la pili, wanavuta. Jani likiwa mbali, mmoja anamshika mwenzake kiunoni, na huyo anamshika mwingine, mpaka unatokea mnyororo wa chungu unaoning'inia kati ya majani mawili. Kingo zikikutana, wanaletwa watoto wao, vibuu vyeupe visivyo na miguu. Mtu mzima anambana kibuu kwa upole, kibuu kinatoa uzi wa hariri, naye anampeleka huku na huku, ukingo huu na ukingo ule, kama fundi cherehani anavyopitisha kitambaa chini ya sindano. Jioni kiota kimeshonwa. Mimi nimewahi kusimama pale saa nzima, mke wangu akadhani nimepatwa na kitu.

Kundi moja lina malkia mmoja na viota vingi, katika miti kadhaa. Miti yote hiyo ni mji wao, na wanauzungukia usiku na mchana. Mdudu yeyote laini anayetua anakamatwa, ananyooshwa pande zote, anakatwa. Ndipo tunapofika kwenye korosho.

Adui zetu wawili wakubwa wanaofyonza ni mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi. Mbu wa mikorosho hanyonyi damu, ni mdudu mwembamba anayefyonza machipukizi na maua, akiacha vidonda vyeusi na ncha zilizokauka. Kunguni wa minazi jina lake linadanganya, maana kwenye korosho pia yumo. Anachoma dunge lingali laini, sumu ya mate yake inaingia mpaka kwenye punje, na ukija kubangua unakuta doa. Korosho yenye madoa mnadani haiitwi daraja la kwanza. Lile bakuli nililopewa na mzee lilikuwa kazi ya kunguni huyu.

Na aliyemfichua kunguni huyu alimfichulia karibu na sisi, Unguja. Minazi ya Unguja ilikuwa inapukutisha nazi changa miaka mingi, watu wanashuku mchanga, wanashuku upepo, wanashuku husuda. Mapema miaka ya 1950, Mwingereza Michael Way alionesha kwamba ni kunguni, na kwamba minazi iliyokaliwa na maji moto ilipona. Kunguni huyo akapewa jina la kitaalamu lenye jina la Way ndani: Pseudotheraptus wayi. Tangu hapo wataalamu wa Kitanzania wameiendeleza kazi hiyo. Mwaka 2013 Moses Olotu na wenzake walichapisha utafiti wa mikorosho ya hapa nchini. Walilinganisha miti yenye maji moto na isiyo nao, na yenye maji moto haikuumizwa na mbu wala kunguni kwa kiasi cha ile isiyo nao. Mzee wangu hakuwahi kwenda Unguja, na utafiti huo ulitoka wakati yeye ameshafariki.

Wachina walishalijua jambo hili kwenye michungwa. Kitabu chao kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 kinaeleza viota vya chungu vilivyouzwa sokoni kwa wenye bustani za machungwa. Walikuwa wakitega mianzi kutoka mti hadi mti ili chungu wapite. Chungu wale si hawa wetu hasa, ni ndugu zao wa Asia, lakini kazi ni ile ile.

Hapa mtu ataniuliza: kama ni wazuri hivyo, mbona mikorosho mingi haina? Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake limelala chini, ardhini.

Maji moto wana adui. Ni sisimizi mdogo wa kahawia, ambaye askari wake wana kichwa kikubwa sana. Anaishi kwenye udongo. Akimkuta maji moto ametelemka chini kuvuka kwenda mti mwingine, anamshambulia kwa wingi mpaka anammaliza. Mwaka 2011 Zuberi Seguni wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, pamoja na Way yule yule na Paul Van Mele, walichapisha kazi yao iliyofanyika nchini kwenye michungwa na minazi. Walichokikuta kingemfurahisha mzee wangu. Palipofyekwa na kulimwa mpaka ardhi ikawa tupu, sisimizi walipanda miti, wakawafukuza maji moto. Palipoachwa majani chini, sisimizi walibaki huko chini na maji moto wakashika juu. Ukifikiri, inaeleweka. Sisimizi anatafuta riziki kama sisi. Chini pakiwa na mimea, na vidudu vyake, na utamu wake, anashiba huko huko. Ukimlimia mpaka pakawa mchanga mtupu, umemwacha na chakula mahali pamoja tu: juu ya mkorosho wako.

Kwa hiyo jembe langu la ujana halikuua chungu hata mmoja kwa mkono. Liliwafungulia adui mlango. Na kule kuikata milimau ilikuwa kuwavunjia nyumba, kwa sababu mkorosho hauchipui mwaka mzima, na maji moto wanataka majani laini ya kushonea. Mlimau, mchungwa, mwembe, hii inawapa mahali pa kukaa mkorosho ukiwa umepumzika. Zaidi ya hapo, mikorosho ikiwa bado michanga matawi yake hayagusani. Mti wa katikati ni daraja. Bila daraja lazima chungu ashuke chini, na chini nimeshasema kuna nani.

Basi tuje shambani. Sitawapa orodha, maana orodha inabandikwa ofisini inasahaulika. Nitawaeleza ninavyofanya mimi.

Mkorosho unapandwa mita 12 kwa mita 12. Hiyo ni miti kama 28 kwa ekari. Najua wengi wenu mnabana, mnaweka miti hata 50 katika ekari hiyo hiyo, mkidhani mtavuna maradufu. Mkorosho unazaa pale jua linapogusa. Ukibana, baada ya miaka saba unakuwa na dari, na chini ya dari hakuna ua. Nafasi hiyo kubwa mnayoiona ni upotevu, kwa miaka mitatu au minne ya mwanzo ni shamba jingine kamili. Pandeni kunde, karanga, njugumawe, choroko. Hizi zinaurudishia mchanga nguvu na kuufunika. Ufuta unafaa, na sasa una mnada wake kama korosho. Mihogo pia, mbegu ya Kiroba kwa mfano, maana inavumilia michirizi kahawia inayoozesha mihogo ya pwani, lakini muiweke hatua tatu kutoka kwenye shina na msiiache shambani miaka miwili ikapigana na mti mchanga. Mananasi yanapenda pembezoni. Kila mraba wa mikorosho minne, katikati yake, ninapanda mlimau au mchungwa mmoja. Si kila mraba, kwa kweli, mmoja ninapanda na unaofuata ninauruka, kwa sababu nami nina uvivu.

Kuna jirani mmoja nisiyemkaribisha, na hapa kina mama watanikasirikia: mbaazi. Mbaazi za nazi na maandazi asubuhi, nani asiyezipenda? Lakini mbu wa mikorosho naye anazipenda. Anakula mbaazi, anakula pamba, halafu anahamia kwenye machipukizi yako. Pandeni mbaazi, ila kwenye kipande chake, mbali na mikorosho.

Maji moto mkiwahamisha, wahamisheni jioni, mkate kiota kizima na tawi lake, mkitie kwenye mfuko, mkifunge kwenye mlimau wa shamba lenu. Viota vyote vitoke kwenye miti iliyo jirani, yenye kundi moja. Ukichanganya makundi mawili umeanzisha vita, na vita hiyo haina mshindi kwa faida yako. Kamba ya katani au ya makumbi ya nazi ikifungwa kutoka tawi hadi tawi inawatosha kuwa barabara.

Naomba nisiwadanganye kuhusu hawa wadudu. Hawazuii ubwiriunga hata kidogo, salfa itabaki. Wanafuga vidudu vyeupe kama unga vinavyotoa majimaji matamu, na vidudu hivyo wakati mwingine vinachafua majani. Na wanauma. Mchuma maembe ana haki ya kuwachukia. Lakini korosho haichumwi, inaokotwa, na hapo mkorosho una nafuu kuliko mwembe. Anayelazimika kupanda mti apake majivu mikononi na miguuni.

Halafu kuna pingamizi lenye uzito, na mara zote linatoka kwa kina mama. Wananiambia: wewe bwana shamba unasema tuache majani, na sisi tunaokota korosho tukiwa tumeinama, kwenye majani tutaonaje? Wana haki. Korosho iliyolala siku nyingi kwenye majani mabichi inaota au inaoza. Kwa hiyo fagieni chini ya kivuli cha mti, wiki chache kabla korosho hazijaanza kudondoka. Duara lile liwe safi mpaka mtu aweze kuona sindano. Kati ya mstari na mstari fyekeni kwa panga, majani yabaki urefu wa kiganja, msichimbue. Kufyeka ni kazi nyepesi kuliko kulima. Sijawahi kumwona mkulima akilalamika kuambiwa alime kidogo.

La pili ni moto. Julai mpaka Septemba majani yaliyoachwa ni kuni, na Rufiji bado tunachoma mashamba, na mwindaji wa digidigi anachoma pori halafu anarudi nyumbani kulala. Mkorosho ulioungua hauponi vizuri. Mwenye majani shambani lazima awe na njia ya moto pembeni, upana wa hatua nne, iliyolimwa mpaka udongo. Hapo ndipo jembe lina mahali pake. Na ng'ombe je? Tangu wafugaji walipoondolewa katika bonde la Ihefu mwaka 2006 na wengine wakashukia huku, mikutano mingi ya kijiji imemalizika kwa kelele. Ninachoweza kusema kama mtu wa mimea ni kwamba ng'ombe wakiingia msimu wa kunde wanakula kunde, na wakiingia msimu wa mabibo wanakula mabibo na kuzikanyaga korosho zikazama mchangani. Shamba lenye mazao chini ya miti linahitaji makubaliano yenye maandishi na mfugaji jirani, yenye tarehe za kuingia na kutoka. Sheria ndogo za kijiji zipo kwa kazi hiyo hasa.

Ninajua kuna kijana hapa, nimemwona anatikisa kichwa, anayefikiri haya yote ni kazi ya wazee wasio na haraka. Anataka miche ya kisasa, dawa ya wadudu dukani, shamba linalong'aa. Miche ya kisasa chukua, kituo cha utafiti cha Naliendele kimefanya kazi nzuri sana ya kuchagua mbegu na ninaipanda mwenyewe. Lakini chupa ya sumu ya wadudu, kabla hujaifungua, ujue inaua maji moto kwanza na kunguni baadaye. Kunguni anaruka kutoka shamba la jirani, wiki mbili amerudi. Maji moto hawaruki. Watarudi baada ya mwaka, au hawatarudi, na mwaka huo wote utakuwa unanunua chupa. Bei ya chupa hiyo huwa inapanda msimu ule ule ambao bei ya korosho inashuka.

Mzee wangu alipanda tena milimau kabla hajafa. Alipanda mitatu, safari hii bila kuniuliza. Shamba sasa linalimwa na mjukuu wake, na mwaka jana nilipita pale nikitokea Nyamwage, nikakuta viota vitano kwenye mlimau wa katikati na majani ya kunde yanatambaa mpaka kwenye kivuli. Nikaomba korosho. Nikabandua punje saba, moja moja, mbele ya kijana huyo aliyekuwa haelewi natafuta nini. Moja ilikuwa na doa. Sita zilikuwa nyeupe.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kesho alfajiri, kabla ya kuchukua jembe, kila mwenye mikorosho atembee shamba lake bila jembe, atazame juu, ahesabu miti yenye viota vya maji moto. Ile yenye viota aifunge kitambaa shinani, na kwenye mti wenye kitambaa asipulize sumu ya wadudu na asiguse majani ya pembeni mpaka korosho zikaribie kudondoka. Nitarudi hapa Desemba, mje na korosho zenu tubangue pamoja chini ya mwembe huu, zenye kitambaa upande mmoja na zisizo na kitambaa upande mwingine. Kikaango nitaleta mimi.